Je! Asomaye Kiyunani na Kilatini Atafanya Kazi Gani?



Siku chache zilizopita alinijia mzee mmoja wa usharika, mwenye barua mkononi. Binti yake yuko Marekani, katika chuo cha Kilutheri, na mwaka wake wa pili waelekea mwisho. Katika vyuo vya nchi ile mwanafunzi husoma miaka minne, na kwa kawaida katika mwaka wa pili humpasa kuchagua somo moja liwe somo lake kuu. Binti huyo ameandika kwamba amechagua lugha na vitabu vya Wayunani na Warumi wa kale. Baba akaniambia, "Mchungaji, niliuza ng'ombe watatu na kipande cha shamba ili apate nauli. Nilidhani atakuwa tabibu. Wayunani hao wamekufa zamani. Ni nani atakayempa mshahara?"

Sikumjibu siku ile, maana swali lake si dogo. Ndani yake mna maswali mawili. La kwanza: masomo haya yampa mtu kazi gani? La pili: je, ni haki kuipima elimu kwa mshahara peke yake? Tuyatazame moja moja.

Kwanza habari za kazi, na hapo yatupasa kusema kweli. Kazi zinazodai Kiyunani chenyewe ni chache. Kufundisha katika chuo kikuu kwataka miaka mingi zaidi ya masomo, na nafasi ni haba. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, chuo cha watu weusi kilichoanzishwa mwaka 1867, kilitangaza kuifunga idara yake ya masomo haya. Nayo ndiyo ilikuwa idara ya pekee ya namna hiyo katika vyuo vya watu weusi vya Marekani. Basi mtu akimwambia binti yule kwamba kiti cha uprofesa chamngoja, amdanganya.

Lakini mlango huo si mlango wa pekee. Shule nyingi za sekondari za Marekani zingali zikifundisha Kilatini, nazo zataka walimu. Ila katika shule za serikali mwalimu sharti awe na cheti cha ualimu. Shule za sheria hazidai somo kuu fulani. Aliyesoma Cicero na Virgil aweza kuingia, akaongeza miaka mitatu, akashinda mtihani, akawa wakili. Hata utabibu haukufungwa: vyuo vya utabibu vya kule humpokea mtu wa somo kuu lo lote, mradi awe amesoma pia kemia, biolojia na fizikia kama walivyoagiza. Neno hili mzee hakulijua, nami nilipomweleza baadaye uso wake ulibadilika. Wengine hutunza maktaba na nyumba za makumbusho, wakiisha kuongeza shahada nyingine. Wengine husahihisha vitabu kabla havijapigwa chapa, au hufanya kazi katika ofisi za serikali. Tena wengine huingia seminari, maana Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na mtafsiri asiyekijua hutazama kwa macho ya mwenziwe.

Kwa nini watu hao hupata kazi ambazo hazina Kiyunani ndani yake? Kwa sababu ya mazoezi waliyoyapata. Sisi katika Kiswahili hutazama mwanzo wa neno tupate kujua maneno yapatanavyo. Katika Kilatini mara nyingi ni mwisho wa neno unaotuambia ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendewa. Mtenda aweza kuwekwa mwisho kabisa wa sentensi, na mtendewa mwanzo. Asomaye kwa haraka hupotea. Mtu aliyezoezwa miaka minne kutokubali maana ya kwanza imjiayo, bali kulipima kila neno, huyo yafaa apewe hati ya mashtaka au daftari ya hesabu aichunguze.

Sasa swali la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Alexander Crummell, mchungaji mweusi wa Marekani, alisimulia kwamba katika ujana wake alisikia neno lililosemwa na John C. Calhoun, mtetezi mkuu wa utumwa: ya kuwa akimwona mtu mweusi ajuaye sarufi ya Kiyunani, ndipo atakaposadiki kwamba ni mwanadamu. Crummell akavuka bahari, akasoma Kiyunani huko Cambridge, akapata shahada yake mwaka 1853, kisha akaenda Liberia kumtumikia Mungu kwa miaka karibu 20. Na William Sanders Scarborough, aliyezaliwa katika utumwa mjini Macon, Georgia, mwaka 1852, akajifunza kusoma kwa siri, alitoa mwaka 1881 kitabu cha kufundishia Kiyunani. Baadaye alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Wilberforce toka mwaka 1908 hata 1920.

Je, watu hao walikuwa wanadamu kwa sababu ya Kiyunani? Hasha! Walikuwa wanadamu tangu tumboni mwa mama zao, maana Mungu ndiye aliyewaumba. Lakini historia hii yatuonya. Kuna elimu ambayo wenye nguvu waliizungushia ua, wakasema, "Hii si yenu, ninyi jifunzeni ya kuwalisha tu." Nasi tukimwambia mtoto wa maskini vivyo hivyo, tena kwa upendo, twausimamisha ua ule kwa mikono yetu wenyewe.

Wala sisemi kwamba mkate ni kitu cha kudharauliwa. Mwaka ule ule wa 1881 Booker T. Washington alianza kazi ya shule ya Tuskegee, ambako vijana walifyatua matofali na kulima, naye hakuwa mpumbavu. Alijua njaa ya watu wake. Mtume Paulo alifundishwa miguuni pa Gamalieli, akajua maneno ya washairi wa Kiyunani hata akayatumia Athene. Lakini huko Korintho alishona hema, apate riziki kwa mikono yake. Elimu na kazi ya mikono hazikugombana ndani yake. Wazee wetu walisema akili ni mali. Hawakusema mali ni akili.

Basi nilimjibu mzee hivi. Binti na aendelee na somo alilolipenda, maana asomaye apendalo husoma kwa bidii. Lakini pamoja nalo na ashike hema yake: ama masomo ya kemia na biolojia, akitaka utabibu, ama cheti cha ualimu, ama njia ya sheria, na achague mapema, asingoje mwaka wa nne. Tena asisahau kwamba ng'ombe watatu ni deni. Wadogo zake wangali nyumbani, na elimu isiyomrudia mtu wa nyumbani ni elimu iliyokosa shukrani. Nawe, mzee wangu, usimhesabu kuwa amepotea. Ulimpeleka apate elimu. Usimkasirikie kwa kuwa ameipata mahali usipopatazamia.

Mzee akakaa kimya kitambo, akaikunja barua, akasema, "Nitamwandikia. Lakini nitamwuliza habari za hema." Nikamwambia, "Mwulize, maana ni haki yako."

Ninyi walimu, mtoto wa kijijini kwenu akipenda somo ambalo hamjui litamfikisha wapi, msimcheke, wala msimdanganye. Mwulizeni mambo mawili: Je, utakuwa mwaminifu katika jambo hili? Na utakula nini? Mtoto awezaye kuyajibu yote mawili, mwacheni aende, mkimwombea.

Neema ya Bwana na iwe pamoja nanyi nyote.

Mimi ndugu yenu, mchungaji.