Muulizeni Kwanza Anameza Dawa Gani



Maneno yangu ya Ijumaa hii nawaelekezea vijana wetu wanaosomea unesi, hasa mabinti walioko nyuma ya pazia, ambao mtihani wa uuguzi wa afya ya akili umewakaribia. Wazee na wazazi nanyi msinyanyuke, maana nusu ya maneno haya ni yenu.

Mwaka jana niliitwa usiku kwenye nyumba moja hapahapa Akheri, huko juu kwenye migomba, nikasome kisomo. Nikamkuta kijana wa miaka 20 na ushei ameketi mkekani, shingo imepindia bega la kushoto kana kwamba inavutwa na kamba. Macho yamegeuka juu, umebaki weupe mtupu. Taya limekaza, mate yanamchuruzika, ulimi umetoka na kuurudisha hawezi. Mama yake amejiziba mdomo kwa kanga. Majirani wameshakata shauri: jini limempanda, linataka kumvunja shingo. Nikasoma Ayatul Kursiyyu, nikasoma Qul zote tatu, nikarudia tena na tena, na shingo ikabaki palepale. Jambo moja likanitia shaka. Yule kijana alikuwa ananisikia. Nilipomuuliza jina lake alijitahidi kunijibu kwa taya lile lililokaza, huku machozi yanamtiririka.

Akaingia binti wa jirani, mwanafunzi wa unesi aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Alichuchumaa mbele ya mama akamuuliza polepole: "Mama, anameza dawa gani? Ameanza lini?" Mama akasita, akatutazama sisi wanaume, kisha akainua godoro na kutoa bahasha ndogo ya dawa. Vilikuwa vidonge vya haloperidoli, alivyoandikiwa kijana siku tatu nyuma kwa sababu alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Mama alivificha kwa kuona haya. Binti akasema hili silo jini, ni dawa iliyokaza misuli. Huwapata zaidi vijana wa kiume, katika siku za mwanzo za kuitumia, na tiba yake ipo. Tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Alichomwa sindano ya kuulegeza ule mkazo, na haikupita nusu saa shingo ikanyooka, akaomba maji ya kunywa. Daktari akampunguzia dozi, akamwongezea kidonge cha kuzuia mkazo usirudi, akamsisitiza asiache matibabu.

Ndugu zangu, mimi ningesoma mpaka alfajiri, na kulipokucha mama yule angevimwaga vidonge vyote chooni. Kisomo sikiachi, na nitakufa nikiamini kuwa maneno ya Mola ni ponyo. Lakini Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alituamrisha tujitibu, akatufundisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Kuanzia usiku ule, nikiitwa kusoma, swali langu la kwanza ni lile la binti.

Sasa nyinyi wanafunzi. Katika daftari zenu lile lililompata kijana ni mstari mmoja tu, ndani ya orodha ndefu ya madhara ya dawa. Mnaukariri usiku, mnautema kwenye karatasi ya mtihani, mkishafaulu unasahaulika. Naomba msisome hivyo. Kila mstari mule una shingo ya mtu.

Mnafundishwa kutofautisha mgonjwa anayesikia sauti isiyokuwepo na mgonjwa mwenye imani potofu isiyong'oka, labda kwamba nduguze wamemtilia sumu chakulani. Yule wa sauti usimwambie anadanganya, wala usijifanye nawe unaisikia. Mwambie kwamba wewe huisikii, ila unaona inavyomtisha. Kisha umuulize inamwambia nini. Hilo ndilo swali lenyewe, kwa sababu ikiwa inamwamuru ajidhuru au amdhuru mama yake, usiku huo haachwi peke yake.

Na mgonjwa wa sonona muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wetu tunaogopa kwamba tukiuliza tutampandikizia wazo. Sivyo. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humtua mzigo aliokuwa anaubeba peke yake. Sisi tunaotoa mawaidha tuna makosa hapa, nami nimo. Mtu anakuja na moyo uliokauka, nasi tunaanza kumsomea uharamu wa kujiua, jambo analolijua tangu madrasa. Anaondoka hajasema lililomleta. Nabii Yakubu alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na hakuna anayethubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu.

Elimu hii si ya kigeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachoeleza afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja, akatenga huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayomjia mtu bila sababu ya kuonekana. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Sisi tuna Hospitali ya Mirembe ya Dodoma tangu mwaka 1927, na jina lake tumelifanya tusi la kutukania watoto. Hilo linaniuma.

Wazazi, Ramadhani ikija, mwenye dawa za akili au za kifafa asizikate mwenyewe kwa sababu ya kufunga. Aende kwa waliomwandikia wampangie saa za daku na futari, na wakimwambia asifunge, mgonjwa ana ruhusa ya Mola wake. Anayetumia lithiamu awe mwangalifu zaidi, kwani mwili ukipungukiwa maji dawa ile huzidi kwenye damu. Mkono ukianza kutetemeka sana, akatapika, akaharisha, akayumba akitembea, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Na mwenye kumfunga nduguye mgonjwa katika chumba cha uani kwa kamba au mnyororo, amwogope Mungu. Kalamu ya dhambi imenyanyuliwa kwa mwenye wazimu mpaka apone. Kwa aliyemfunga haijanyanyuliwa.

Yule kijana nilimwona Jumatano akishusha ndizi sokoni Tengeru. Alinisalimia yeye kwanza. Binti aliyemuuliza mama yake swali ana mtihani wa somo hili wiki ijayo, na nyumbani kwao wanalala sita chumba kimoja. Mwombeeni yeye na wenzake. Na mwenye chumba chenye meza na taa, anione hapa mlangoni tukishamaliza.