Kutengana Hakufuti Deni

Wengi wetu tumepata kuona jambo hili: asubuhi na mapema mke afunga mzigo wake, watoto wamfuata nyuma, na mume amesimama mlangoni asiseme neno. Twahuzunika, twasema, "Hayo ni ya nyumbani kwao," kisha twashika njia ya shamba. Lakini liko swali ambalo latupasa sote. Je, mapatano yakiisha nyumbani, haki nayo yaisha?

Tuweke mfano wa huku Kiwangwa tunakolima mananasi. Mume alifyeka pori. Mke alibeba miche, akapalilia, akapika, akalea watoto. Nanasi halina haraka: toka kupandwa hata kuvunwa hupita kama mwaka mmoja na nusu. Kabla ya mavuno wakafarakana. Mume asema, "Ardhi hii ni ya baba yangu, nenda zako." Juu ya ardhi asema kweli, lakini hasemi kweli yote. Ardhi ni ya baba yake. Jasho lililo katika miche ile ni la watu wawili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaliangalia jambo hili. Mahakama itoapo amri ya kutengana au ya talaka, yaweza kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili. Hutazama fedha, mali na kazi ya kila mmoja, madeni yao, na mahitaji ya watoto. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali. Walakini Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe kwa manufaa ya nyumba yao, naye hakuzitumia kwa kazi hiyo. Basi haki si fimbo ya mke wala ya mume, ni mizani.

Wako watakaosema, "Mkristo husamehe, kudai mali ni aibu." Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau. Lakini tuangalie vema. Mtu aweza kusamehe deni lake mwenyewe. Hawezi kusamehe deni la mwingine. Mama anyamazapo aonekane mpole, nao watoto wakalala na njaa, ametoa sadaka kwa chakula kisicho chake. Na baba asemaye, "Mama yao amewachukua, basi awalishe," akumbuke kwamba ametengana na mke, hakutengana na watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yawapasa wazazi kumpa mtoto chakula, makao, mavazi, matibabu na elimu.

Basi wafanyeje? Kama kuna kipigo, kwanza aliye hatarini apate mahali pa salama. Kisha waende kwa wazee na kwa kanisa, maana kutengana si talaka, na mlango wa kupatana haujafungwa. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho, aliuacha wazi. Atakayetaka talaka sheria humpeleka kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Na wasipopatana juu ya mali, Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kuwasikiliza.

Wakiweza kupatana wenyewe, waandike mbele ya mashahidi: shamba lina miche mingapi, mavuno yatagawanywaje, deni gani litalipwa na nani, ada ya shule itatoka wapi. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto visifichwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatuandiki haya ili watu watengane upesi. Kila nyumba ivunjikayo ni msiba. Lakini hata katika msiba watu huhesabu deni la marehemu, wakalilipa, ili apumzike. Waliokula chungu kimoja miaka mingi, wakishindwa kukaa pamoja, wasishindwe kuagana kwa haki. Nanasi litakapoiva, watoto wa nyumba hiyo wale wote.