Jiwe la Kisimani



Nilipokuwa nikifundisha hapa Mkokotoni, mtoto mmoja wa darasa la Kipaimara aliniletea jiwe lililotoka katika kisima kilichokuwa kikichimbwa. Ndani yake mlikuwa na chaza aliyegeuka jiwe. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa palikuwa bahari? Ilikuwa kabla ya Adamu?" Nikamwambia akae chini, asitutie mashaka. Akakaa. Hakuuliza tena, wala siku ya Kipaimara hakuonekana.

Kosa lile hunirudia kila nisomapo habari za Richard Hay, mtaalamu wa miamba kutoka Marekani. Alifika bonde la Oldupai mwaka 1962, akawa akirudi kusoma matabaka ya udongo na majivu, moja juu ya jingine kama kurasa. Kitabu chake juu ya bonde hilo kilitoka mwaka 1976. Miaka 14! Nasi mahubiri yakizidi nusu saa twaanza kutazama saa.

Kusini ya Oldupai ni Laetoli. Huko, mwaka 1978, kundi la Bibi Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Hay alisaidia kueleza zilivyodumu. Mlima wa moto ulitoa majivu, mvua ya rasharasha ikayalowesha, viumbe wale wakapita, majivu yakagangamaa kama saruji, kisha majivu mengine yakazifunika. Mvua kubwa ingalinyesha, zingalifutika.

Wako wasemao kwamba hesabu hizi zamkana Muumba. Mimi sioni hivyo. Mtunga Zaburi ya 90 alijua kuwa miaka yetu elfu ni kitu kidogo mbele za Mungu. Kitabu cha Mwanzo chatuambia ni nani aliyeumba. Hakikuandikwa kiwe kipimo cha matabaka. Ayubu naye, alipoulizwa alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, aliweka mkono kinywani. Mimi sikuuweka.

Na hata tungependa kuikimbia habari hii, twende wapi? Sehemu kubwa ya Unguja ni matumbawe ya kale yaliyokuwa chini ya maji. Kanisa Kuu la Mkunazini limejengwa kwa mawe ya namna hiyo hiyo, nasi twapiga magoti humo kati ya mabaki ya viumbe vya baharini.

Jiwe lile mtoto aliliacha mezani pangu, ninalo hadi leo. Anayejua alipo na aniambie. Nataka kumrudishia, nimwombe radhi, nimjibu: ndiyo mwanangu, palikuwa bahari.