Panya wa maabara naye ana haki juu yetu



Ndugu Waislamu, wengi wetu tunauguza majumbani watu wenye baridi yabisi. Mama yangu mzazi ni mmoja wao. Sisemei maumivu ya uzee, bali maradhi ambayo kinga ya mwili, iliyowekwa kupambana na vijidudu, huvishambulia viungo vyenyewe. Asubuhi vidole havikunjiki, hata kutia udhu ni mtihani.

Darasani mwanafunzi aliniuliza: "Ustadhi, ni halali kumtia mnyama maradhi kwa makusudi ili ipatikane dawa?" Kabla sijajibu mwenzake akadakia: "Si panya tu? Ameruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram!" Wote wakacheka.

Tulitazame jambo lenyewe kwanza. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walieleza kwamba panya akidungwa kolajeni, protini iliyomo katika gegedu la viungo, ikiwa imechanganywa na mafuta, kinga yake humgeukia na viungo vyake huvimba karibu kama vya binadamu mgonjwa. Kwa njia hiyo, mwaka 1992 wanasayansi wa London walionyesha kwamba kuizuia protini iitwayo TNF hupunguza uvimbe na uharibifu wa viungo vya panya hao. Mwaka 1993 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 20 waliotibiwa kwa njia hiyo hiyo, nao walipata nafuu. Leo dawa za aina hiyo zinatumika duniani kote, ingawa kwetu bei yake ni kilio.

Basi faida ipo, na dharura huhalalisha. Lakini wanazuoni wetu wamesema pia kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake.

Ama hoja ya yule kijana, ni kweli panya ametajwa miongoni mwa wanaoruhusiwa kuuawa. Ila kuua ni jambo moja, kutesa ni jingine. Katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (RA), Mtume (SAW) ameamrisha wema hata katika kuua na kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Na Ibn Umar (RA) alipowakuta vijana wamemfunga kuku wakimlenga kwa mishale, aliwakumbusha laana ya Mtume kwa mwenye kufanya hivyo. Kuku ni halali kuliwa! Kilicholaaniwa ni kumfanya kiumbe hai shabaha.

Katika utafiti huu maumivu si ajali. Uvimbe ndio unaopimwa: kila mguu hupewa alama 0 mpaka 4, miguu yote minne ikafika 16. Baadhi ya dawa za maumivu hunyimwa panya kwa sababu zinapunguza uvimbe ule ule unaopimwa. Mimi naona ruhusa ni kwa dawa yenye matumaini ya kweli, kwa panya wachache iwezekanavyo, walale juu ya tandiko laini, chakula kiwekwe chini kwa kuwa hawawezi kusimama kukifikia, wapewe dawa za maumivu zisizoharibu kipimo, na aliyezidiwa asiachwe. Kurudia jambo lililokwishajulikana, au kutafuta makala ya kupandia cheo, sioni dharura yake.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kitabu kizima juu ya kuwabadilisha wanyama kwa njia nyingine, kuwapunguza idadi na kuwapunguzia mateso. Sisi tunauliza kama ganda la kapsuli lina nguruwe, na ni swali la haki, lakini mara nyingi tunaishia hapo. Ilhali Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alikwishaandika kwamba mnyama ana haki ya kulishwa hata akizeeka au akiugua akawa hana faida tena.

Vijana wetu wanaosoma udaktari na utabibu wa mifugo ndio watakaoshika sindano hizo. Kabla ya kudunga waulize: panya wangapi, kwa nini hao, na usiku nani atawaangalia?

Wallahu a'alam.