Nafaka Ibaki Katika Masuke Yake



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, nawausia na kujiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu katika fedha zetu, kama tunavyomcha katika swala zetu. Siku ya Kiyama mtu ataulizwa mali yake aliipata wapi na aliitumia katika nini. Hata fedha ndogo ya mwanafunzi ina maswali hayo mawili.

Katika Sura Yusuf, aya ya 47, Nabii Yusuf (a.s.) anawaelekeza watu wa Misri walime miaka saba, na mavuno wayaache katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Hapo naona mafunzo mawili. Kwanza, akiba hutengwa wakati wa neema. Pili, akiba huwekwa katika hali isiyoiharibu. Wengi tunalishika la kwanza na kulisahau la pili.

Hapa Juba inayoharibika ni pauni yenyewe. Desemba 2015, serikali ilipoacha kuishikilia bei yake, dola moja ilipanda kutoka chini ya pauni 3 hadi zaidi ya 18. Februari 2024 bomba la mafuta yetu linalopita Sudan lilipoharibika kwa vita, tuliona tena sokoni. Anayeficha pauni chini ya godoro huikuta idadi ile ile mwisho wa muhula, lakini unga inaonunua umepungua.

Basi fedha ya nyumbani ikifika, lipa siku hiyo hiyo ada na kodi ya chumba. Kisha nunua vyakula vikavu vya mwezi. Unganeni watatu au wanne, mnunue gunia zima Konyo Konyo, badala ya kila mmoja kupimiwa kwa kopo. Huko si kuhodhi. Kuhodhi kulikoharamishwa ni kuficha chakula ambacho watu wanakihitaji ili bei ipande. Umar (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Kitakachobaki, ukiweza, kibadilishe kiwe dola, lakini mpokezane papo hapo, mkono kwa mkono. Kubadilishana fedha kwa kucheleweshana ni mlango wa riba.

Sisemi usinywe chai na wenzako chini ya mwembe. Aya ya 67 ya Sura Al-Furqan inawasifu wasiofanya israfu wala ubakhili, bali wanakaa katikati. Andika kila jioni ulichotumia, na baada ya wiki mbili utajua mwenyewe ni kipi kinakumaliza.

Sasa nije kwenye jambo linalovunja udugu wetu: deni. Mtu anakopa pauni mwezi wa kwanza, anazirudisha mwezi wa sita, na anaona amemaliza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait cha mwaka 1988, liliamua kuwa deni la fedha hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake. Kwa hiyo mkopeshaji hawezi kudai nyongeza. Lakini mkopaji asijifiche nyuma ya hukumu hiyo. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye uwezo anapochelewesha deni anadhulumu, na hapa Juba kila wiki ya kuchelewesha inaila mali ya ndugu yako. Lipa mapema. Na ukiweza, ongeza kwa hiari yako, bila sharti lililotangulia, kwani yeye (s.a.w.) alikopa ngamia akamlipa mwenyewe ngamia bora zaidi. Mkitaka usalama tangu mwanzo, kopeshaneni dola zilipwe dola, au unga ulipwe unga wa aina ile ile na kipimo kile kile. Na muandikiane, kama inavyoamrisha aya ya 282 ya Sura Al-Baqara.

Vivyo hivyo sanduk zetu za kuchangishana. Wakiwa watu kumi wanaochanga kila mwezi, wa mwisho anapokea idadi kamili na thamani pungufu. Fanyeni mzunguko mfupi: watu watano, kila wiki. Na zamu za mwisho zisiachiwe wanyonge daima.

Mwisho, tengeni sadaka hata kama ni kibaba cha unga. Katika bweni lolote yupo anayelala na njaa na hasemi.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitajie haramu yako, tulipie madeni yetu, na uturuzuku nchi yenye amani. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.