Ndege ya Povu na Ndugu Aliyeanguka

Somo: Mathayo 4:18–22, Wagalatia 6:1–5



Katika mwaka 2016 ilianza Zanzibar kazi ambayo wazee wetu, kama wangaliisikia, wangaliidhani hadithi. Serikali, kwa Kamisheni yake ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliazimu kupiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani, nchi ya zaidi ya kilomita za mraba 2,000, ili zipatikane ramani mpya. Kazi hii haikufanywa kwa eropleni kubwa yenye rubani ndani yake. Ilifanywa kwa ndege ndogo zirushwazo kwa mkono, ambazo watu huziita droni, na miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha walikuwamo wanafunzi wa chuo kile. Mapaa ya Mji Mkongwe, makonde ya mpunga ya Cheju, pwani ya Nungwi, vyote vilionekana katika picha zile, hata paa moja moja laweza kuhesabiwa.

Na tuitazame kwa karibu ndege iliyotumika, ya aina iitwayo eBee. Mwili wake si chuma wala mbao. Ni povu lililokazwa, ndugu yake yale masanduku meupe ambayo wachuuzi wa samaki hutilia barafu. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, hayafiki mita 1, na uzito wake ni kama gramu 700. Haina magurudumu. Mrushaji huitikisa mara 3, ndipo mota yake ianzapo kuvuma. Kisha huitupa hewani, nayo ikiisha kazi yake hushuka ikatua kwa tumbo juu ya majani. Rafadha yake, yaani lile panga lizungukalo na kuisukuma, iko nyuma, nayo imeshikwa kwa mpira tu, ili ikigonga kitu ijikunje kando isivunjike.

Hapa tusimame kidogo. Yeye aliyeiunda ndege hii alijua ya kuwa itagonga. Aliiunda kwa ajili ya siku ya kugonga kama alivyoiunda kwa ajili ya siku ya kuruka, akachagua kitu chepesi kipondekacho bila kusambaratika, na kitengenezekacho.

Ndege ile huongozwa na kompyuta, naye mrushaji husimama akiilinda kwa macho. Lakini ziko nyingine za povu zinazoongozwa kwa mkono, kwa mawimbi ya redio, na hizo ndizo zinazomfundisha mtu unyenyekevu. Ndege ikienda mbali naye, kuume ni kuume. Ikigeuka na kumrudia, mambo yote hupinduka: akisukuma kijiti upande wa kuume, ndege yaelekea kushoto kwake. Hapo ndipo wanafunzi wengi waangushapo. Tena mwanafunzi huogopa kwenda juu, hudhani karibu na nchi ndiko salama. Na mwalimu humwambia apande kwanza, kwa kuwa aliye juu akikosea ana nafasi ya kurekebisha, bali aliye chini hana. Upepo wa kusi ukikaza, hatoki kabisa. Hungoja asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. (Na mzazi ambaye kijana wake anatamani kazi hii ajue ya kuwa katika nchi yetu droni hazirushwi bila kibali cha serikali.)

Basi, ndege imeanguka. Mwalimu mwema afanya nini? Haanzi kwa kumkemea mwanafunzi, wala haanzi kwa bawa lililovunjika, ingawa ndilo lionekanalo. Kwanza huitoa betri, kwa maana betri ya namna ile ikipondwa yaweza kuwaka moto, ikateketeza na kile ambacho kingaliweza kupona. Kisha huokota vipande vyote, hata vilivyo vidogo kama punje, kwa sababu povu likivunjika kila kipande hukubali mahali pake tu, kama kigae cha chungu. Palipopondeka humwagia maji ya moto, na povu la namna ile huvimba likarudi karibu na umbo lake. Palipokatika hutia gundi, na ndani yake huchomeka kijiti cha mwanzi, vile vile vya mishikaki ya Forodhani, kiwe kama mfupa. Lakini si gundi yo yote. Ziko gundi kali ambazo zashika vema povu la aina moja na kulila povu la aina nyingine. Mafundi wa Mji Mkongwe walijua neno hili zamani katika nyumba zao: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zatengenezwa kwa chokaa, na mwenye kuzipaka saruji kwa kutaka ugumu huufungia unyevu ndani, ukuta ukaoza nyuma ya plasta nzuri.

Baada ya kuunga, mwalimu huiegemeza ndege juu ya vidole viwili chini ya mabawa, aone kama uzito umekaa mahali pake, kwa kuwa gundi na vijiti vimeongeza uzito upande mmoja. Kisha huijaribu safari fupi, siku ya shwari.

Wako na walimu wa namna mbili nyingine. Wa kwanza hubandika utepe juu ya ufa ili ndege ipendeze machoni, akairusha jioni ile ile. Wa pili huitupa stoo, akasema, hii imekwisha haribika.

Ndugu waalimu wa injili na wazee, sasa twaja kwenu. Mathayo asimulia ya kuwa Bwana alipowaita Yakobo na Yohana aliwakuta chomboni pamoja na baba yao, wanatengeneza nyavu zao. Paulo naye, alipowaandikia Wagalatia habari za mtu aliyenaswa katika kosa, na jinsi wenye Roho wampasavyo kumrudisha kwa upole, alitumia neno lile lile la Kiyunani. Mtume alimweka aliyeanguka mikononi mwa watu kama wavuvi walioketi na uzi na wavu uliochanika, ambao hawana haraka, na ambao wauhitaji wavu ule kesho usiku.

Je, sisi twatumia kazi gani? Katika shirika zetu nyingi kipo kitabu chenye majina ya waliotengwa na Meza ya Bwana. Yumo binti aliyezaa kabla ya ndoa. Yumo mume aliyeoa mke wa pili. Yumo mzee aliyekula fedha za sadaka. Majina hayo yalisomwa mbele ya watu siku ya Bwana, nasi hatusemi ya kuwa ni vibaya kutenga, kwa maana ndege yenye ufa hairushwi. Twauliza habari za Jumatatu yake. Nani alikwenda? Liko jina lililoandikwa humo mwaka ule mtoto wa yule binti alipozaliwa, na mtoto sasa yuko darasa la 5, na mama yake huketi benchi la nyuma, hutoka kabla ya Ushirika, wala hapana aliyemwuliza neno tangu siku ile. Tumeiita hali hii adabu ya kanisa. Kwa kweli ni stoo.

Upande wa pili liko kosa la utepe. Mtu mwenye cheo au mali akianguka, wazee huenda usiku, humwombea sala fupi, na Jumapili ifuatayo yuko mahali pake. Hakuna aliyeuliza habari za fedha zilizopotea, wala za yule aliyedhulumiwa. Twanena wazi: kumsamehe aliyeiba hakutulazimishi kumrudishia ufunguo wa sanduku. Yeye apokewe mezani kwa furaha, alipe kwa kadiri awezavyo, na kazi yake apewe nyingine iliyo ndogo, siku za shwari, hata ijulikane kama uzito umekaa sawa.

Na moto uondolewe kwanza. Kabla ya mzee kufungua Maandiko katika nyumba ile, azizuie ndimi za kisimani na za sokoni, na hasira ya jamaa, maana hizo ziteketezazo hubakiza majivu ambayo hayana gundi. Tena vipande viokotwe vyote. Aliyeanguka ana mke, ana deni, ana mtoto. Mwenye kumrudisha peke yake na kuviacha hivyo mchangani ataona pengo. Kwa habari ya maneno makali, wako ambao huwapona, na wako ambao huwala. Mwalimu asiyemjua mtu wake asimchagulie dawa.

Mtume aongeza ya kuwa kila mmoja ajiangalie nafsi yake, asije akajaribiwa naye. Mrushaji hodari ana ndege iliyoungwa mahali pengi. Ukiitaka ile isiyo na alama, itafute dukani, haijaruka bado.

Basi twashauri hivi. Kabla ya siku za Kwaresima wazee wakutane na kile kitabu, wakisome jina kwa jina, na kwa kila jina waulize ni nani aliyemwendea mtu huyu na ni lini. Jina ambalo hapana aliyeliendea lisiachiwe kamati. Apewe mzee mmoja ajulikanaye, naye aseme siku atakayokwenda, kabla ya mkutano kufungwa.