Aliyevikwa Ngozi ya Simba

Aslan, yule simba wa hadithi saba za watoto alizozitoa C. S. Lewis kati ya 1950 na 1956, aghalabu hupokewa kuwa mfano wa Kristo, na mazungumzo huishia hapo. Msomaji wa Singida ana sababu ya kusita. Katika miaka ya 1946 na 1947 Unyaturu ilitishwa na mauaji yaliyodhaniwa kuwa ya simba, hata mahakama zikaona humo mkono wa binadamu. Ilisimuliwa kuwa muuaji huvikwa ngozi, kisha bwana wake humkodisha kwa mwenye kisasi. Je, wema waweza kupewa sura hiyo?

Lewis mwenyewe hakuanza na wema. Mashairi yake ya kwanza, yaliyotoka 1919 kwa jina la Clive Hamilton, ni ya kijana asiyeamini, aliyejeruhiwa vitani, akimshutumu Mungu ambaye papo hapo anakana kuwapo kwake. (Mkanganyo huo ndio utamu wake.) Alirudi kwa Kristo 1931, lakini hofu hakuitupa: Aslan hafugiki.

Nusu ya jibu imo katika kitabu cha mwisho. Sokwe amvika punda ngozi ya simba, kisha atawala na kuuza miti ya nchi kwa jina la Aslan. Mwishowe sokwe aangamia; punda, kwa kuwa alikuwa mjinga aliyetumwa, asamehewa. Hapo ndipo Singida humdai Lewis zaidi. Punda hakuua mtu. Yule wa Unyaturu aliua, naye pia alitumwa. Bali aliyemkodi, ikiwa masimulizi ni kweli, aliweza kuketi matangani pamoja na wafiwa.